Kaunta ya Bi Kaa na Jino la Kamanda Nyani

Ngano, ngano!

— Ilete, tumeshanawa.

Iliyoiva au mbichi?

— Hata mbichi, tutaitafuna.

Ina ukweli?

— Nyunyiza kidogo, usizidishe.

Na midomo yenu?

— Imeshonwa.

Imeshonwa kwa uzi gani, ndiyo nataka kujua. Maana hili ninalotaka kuwaambia niliapishwa nisilitoe hata kwa mto ninaolalia. Basi kwanza apeni. Kila mmoja ashike sikio lake la kushoto aseme: nikilitoa hili, ulimi wangu uote manyoya. Mmesema? Wewe pale nyuma, midomo yako haikusogea. Rudia. Haya. Mimi niliapa hivyohivyo mbele ya Kanga, yule ndege mwenye madoa, naye Kanga alikuwa ameapa mbele ya mwenyewe Bi Kaa. Ulimi wangu mpaka leo hauna hata unyoya mmoja, kwa hiyo nahisi kiapo chenyewe hakina nguvu sana. Sogeeni.

Hapo kale, si kale sana, ile kale ambayo wanaohusika bado wapo na bado hawasalimiani, palikuwa na Kaa. Alikuwa mdogo, anaenea ndani ya kifuu, anatembea upande upande kama mtu anayekwepa kupita mbele ya wanaoswali. Macho yake yalisimama juu ya vijiti, moja likitazama huku na jingine kule, kwa hiyo hapakuwa na jambo kijijini lililompita. Mimi macho hayo ningeyapata, mngekoma.

Siku moja Kasa alipanda pwani kutaga mayai. Kasa ni msafiri, bahari zote amezipiga mbizi. Akamhadithia Kaa kwamba ng'ambo ya mbali, upande jua linakotokea, watu hukaa safu moja kwenye ubao mrefu, uso kwa uso na mpishi, naye huwakunjia wali na samaki mbichi ndani ya mwani mkavu, kimoja kimoja, wakala papo hapo kwa mkono, bila sahani wala kijiko. Chakula chenyewe, Kasa alisema, kinaitwa sushi.

Kaa akafikiri kidogo. Mwani anao, umejaa mlangoni. Magando ya kukatia samaki anayo. Kilichokosekana ni ubao. Mawimbi yakamtupia ubao, akaulaza juu ya mawe mawili ukingoni mwa mikoko, akapanga magogo ya kukalia, akawasha moto.

Mwanzoni wanyama walimcheka. Samaki mbichi? Kwani kuni zimekwisha? Kanga alizunguka nyumba hadi nyumba akitangaza kwamba Bi Kaa amepigwa na jua kichwani, kisha akaenda mwenyewe kwenye ubao ili apate maneno ya kuongezea. Akala kimoja. Akanyamaza. Sasa wanyama wakaogopa. Kitu gani hicho kinachomnyamazisha Kanga? Jioni ile ile magogo yote yalijaa.

Na ilikuwa hivi. Kaa huupitisha mwani juu ya moto: sss, sss. Huutandazia wali wa siki ya mnazi: taf, taf. Hulaza samaki: lale. Hukunja: kru. Hunyoosha gando juu ya ubao na kusema, "Mkono kwa mkono." Anayepokea hujibu, "Mkono kwa mdomo." Kisha: kachu!

Kwa mlio huo, wanyama ambao neno sushi lilikuwa likiwateleza mdomoni wakakiita chakula chenyewe kachu, na jina likakaa.

Sasa shikeni jambo moja, maana bila hilo ngano yote itawapotea. Kachu haingoji. Mwani ukitoka motoni ni mkavu kama jani la kiangazi. Ukiushika ukaanza kupiga soga, unakunywa majimaji ya wali, unalainika, unakuwa kama kandambili iliyolala mvuani, halafu unafunguka wenyewe na vya ndani vinamwagika. Ndiyo maana pale kwa Bi Kaa hakuna sahani, hakuna kufungiwa upeleke nyumbani, na hakuna kuweka chini. Kachu ikigusa ubao tu, si yako tena, ni ya safu nzima, awahiye ale. Sheria hiyo hata watoto wa panya waliijua.

Katika safu alikuwapo Mzee Kobe. Mzee Kobe hali samaki, kwa hiyo Kaa alikuwa akimwekea embe bichi la chumvi na pilipili kidogo. Ni yeye peke yake aliyekula kachu ya embe. Na alikuwa mzito wa kuanza. Akipokea, kwanza huitazama, anaigeuza, anaitazama tena, kama mtu aliyeletewa picha ya mjukuu.

Pembeni yake hukaa Nyani. Nyani si Nyani tu, ni Kamanda, mkuu wa sungusungu wa kijiji kizima, mwenye mabega kama mlango na rungu lenye kichwa kama fenesi. Tena nyani, kama hamjui, amepewa mifuko ndani ya mashavu. Kile kinachoingia mle hakitafunwi, kinahifadhiwa. Unaweza kumsalimia nyani asubuhi njema kabisa, kumbe shavuni ana shamba la watu.

Basi jioni moja Kaa akaupitisha mwani: sss, sss. Akatandaza: taf, taf. Akalaza embe: lale. Akakunja: kru. "Mkono kwa mkono," akasema, na Mzee Kobe akajibu, "Mkono kwa mdomo," akaanza kuitazama.

"Nani yule anakuja kule mikokoni?" akauliza Nyani.

Wote wakageuka: gau. Hakuna mtu. Wakarudi: gau. Mkono wa Kobe mtupu.

Kobe akautazama mkono juu, akautazama chini, akaingiza kichwa ndani ya gamba akatafuta huko, akatoka. Akauliza kwa upole kama amekwisha kula. Nyani akamwambia ndiyo Mzee, umekula, uzee tu huo. Kisha Kamanda akatoa kitambaa, akajifunga taya mpaka utosini, kwa maana shavu moja lilikuwa limevimba.

"Jino," akasema.

"Pole, Kamanda," wakaitikia wote.

Kesho yake vilevile. Sss, sss, taf, taf, lale, kru. Mzee Kobe akapokea, akaanza kuitazama. Nyani akauliza ule moshi ni wa nini. Wote wakageuka: gau. Hakuna moshi. Wakarudi: gau. Mkono mtupu. Kitambaa tayani.

"Jino."

"Pole, Kamanda."

Ikawa ndiyo mtindo. Mara mwewe, mara mvua, mara mgeni. Safari nyingine aliyebaki mkono mtupu ni Digidigi, safari nyingine Kanga, lakini Kobe hakukosa kuibiwa hata siku moja. Akakonda, mwili ukalegea ndani ya gamba, akitembea unamsikia: kong, kong, kama kibuyu chenye mbegu moja. Wanyama wakaanza kunong'ona. Si bure, walisema, huyu Bi Kaa anatoa kwa gando moja na kunyang'anya kwa jingine. Aliyelianzisha neno hilo simtaji. Ana madoa.

Hapo Kamanda akaitisha mkutano. Alisema wizi umezidi na yeye hawezi kulala. Alisema mwizi ni lazima awe mwenye mikono mingi, kwa kuwa mikono ndiyo inayoiba. Akajinyooshea kidole: yeye mikono yake ni miwili tu, nayo yote imeshika rungu kwa ajili ya usalama wao. Kisha akamnyooshea Kaa, na wanyama wakaanza kumhesabu Kaa miguu na magando, wakachanganyikiwa, wakaanza upya, na kadiri walivyohesabu ndivyo alivyozidi kuonekana mwizi.

Hukumu ikatoka palepale. Mwizi asipopatikana kufikia kesho magharibi, ubao unapasuliwa kuni, na Kaa mwenyewe anakunjwa ndani ya mwani wake, analiwa. Kamanda alimuuliza kabisa mbele za watu kama angependa siki nyingi au kidogo.

Hakuna aliyemtetea. Kanga aliangalia vidole vya miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza anavikuta pale.

Na Kaa alijua. Jicho lake moja lilikuwa haligeuki na wengine. Lilibaki na lilimwona Nyani, mkono hadi shavuni, fyu. Lakini angemwambia nani? Ukimshitaki Kamanda, anayekuja kukukamata ni Kamanda, na anayesikiliza kesi ni Kamanda. Maneno ya kaa yangesaidia nini hapo? Mdomo uliotakiwa kusema ni ule ule wenye kachu ndani.

Alfajiri akajikokota mpaka jikoni kwake. Alitakiwa achome mwani wa kumtosha yeye. Akatandaza kipande kikubwa, akalala juu yake kupima, akaona kinamfunika vizuri kabisa, miguu yote ikaanza kutetemeka, kila mmoja kwa wakati wake. Akakichoma hivyo hivyo huku akilia. Akageuka kuchukua chungu, na ndani ya chungu akaikuta kachu moja iliyosahaulika tangu jana. Mwani umelainika, umefunguka wenyewe, na wali umemwagika kila upande.

Akaitazama kwa muda mrefu. Jicho moja likaanza kucheka. Jicho la pili likaliuliza lile la kwanza kuna nini, likaambiwa, nalo likacheka.

Akaenda, upande upande, mpaka kwa Kamanda. Akamwambia ameikubali hukumu, hana kinyongo, na mwani wake mwenyewe ameshauchoma. Anaomba kitu kimoja tu. Jioni, kabla hajakunjwa, aruhusiwe kumfanyia Kamanda karamu ya kuagana mbele ya kijiji kizima, kachu kadiri mikono itakavyoshika.

"Kadiri itakavyoshika?" Nyani akauliza, na mate yakamchuruzika.

"Kadiri itakavyoshika, Kamanda. Ila kwa adabu ya karamu, asitafune mtu mpaka nimalize neno langu la kuaga."

Nyani akamwangalia, akaona kitu kidogo vile kitakuwa na neno dogo. Akakubali.

Magharibi ikafika. Kijiji chote kipo, na asiyepata gogo amesimama nyuma. Kile kipande kikubwa cha mwani kimewekwa mwisho wa ubao, karibu na moto, kinangoja. Kaa akaanza na mkubwa kwa umri. Akaupitisha mwani: sss, sss. Akatandaza: taf, taf. Akalaza embe bichi: lale. Na chini ya embe akatia pilipili kichaa, na mbegu zake, na tena, na tena, mpaka moshi wa jiko ukaenda kukaa mbali. Akakunja: kru.

"Mkono kwa mkono."

"Mkono kwa mdomo," akasema Mzee Kobe, akaanza kuitazama.

Nyani aliliona lile embe. Wallahi alikuwa amejiahidi, leo hapana, leo zote ni zangu, kwa nini nijisumbue. Lakini mkono uliozoea hausubiri kushauriwa.

"Nyoka yule chini ya ubao?"

Wote wakainua miguu: ruu! Hakuna nyoka. Wakaishusha. Mkono wa Kobe mtupu, na Kamanda anamalizia fundo la kitambaa.

"Jino."

"Pole, Kamanda."

"Pole sana," akasema Kaa. "Basi tusikucheleweshe."

Sss, taf, lale, kru. "Mkono kwa mkono." Nyani akaweka rungu chini, akapokea kwa mkono wa kulia, akajibu, "Mm-mm mm-mm." Kachu ya jodari. Sss, taf, lale, kru. Mkono wa kushoto. Kachu ya kamba. Sss, taf, lale, kru. Nyani akainua mguu wa kulia, maana mguu wa nyani ni mkono uliokosa cheo. Kachu ya pweza. Mguu wa kushoto. Jodari tena, wa tumboni, mwenye mafuta. Kaa akauliza kama kuna nafasi nyingine, na Kamanda akaukunja mkia. Kachu ya kamba, ya pili. Baada ya hapo alijitazama juu mpaka chini akitafuta pengine pa kushikia, akasikitika kuona Mungu amemaliza.

Ndipo Kaa akapanda juu ya ubao kusema neno lake.

Akamshukuru Mungu. Akaishukuru bahari. Akamshukuru Kasa, na mayai ya Kasa, na watakaoanguliwa. Akaushukuru ubao. Akalishukuru jiwe la kulia lililobeba ubao, akaeleza lilikotoka.

Na kule shavuni, wapenzi, kachu haingoji. Mate ya Nyani yalikuwa yanatiririka kwa harufu ya vile alivyovishika, na mwani ukayanywa. Ukalainika. Ukafunguka. Pwe.

Mwanzo alidhani ni joto la watu. Kisha sikio la upande ule likawa la moto. Kisha la pili. Chozi moja likashuka, likafuatwa na jingine, na Kanga akamnong'oneza Digidigi kwamba tazama, kumbe Kamanda ana moyo, anamlilia Bi Kaa.

Kaa akahamia jiwe la kushoto.

Jasho likamtoka Nyani. Pua ikaanza kufanya kazi zake. Akawa anayumba juu ya gogo, kuu-kwi, kuu-kwi, miguu juu, mikono juu. Angeweza kutema, lakini mdomo umefungwa kwa kitambaa. Kufungua kitambaa kunataka mkono, na mkono unataka kuweka kachu chini, na kachu ikigusa ubao ni ya safu nzima. Aliona safu nzima inavyomtazama mikononi. Akaangalia mkono wa kulia: jodari. Wa kushoto: kamba. Mguu: pweza. Mguu wa pili: yule mwenye mafuta. Ya mkiani hakuiona ila aliikumbuka. Amwache nani? Alizipenda zote kama wanawe wa kuzaa.

"Nije sasa kwenye maji kupwa," akasema Kaa, "halafu nitasema kidogo juu ya maji kujaa."

Nyani akatoa sauti. Siwezi kuiiga mbele za watu wenye heshima.

Kaa akakatiza hotuba, akainama kwa huruma. "Jino linakuua, Kamanda. Dada Kanga, wewe si huwa na karafuu?"

Kanga huwa na karafuu, tena kwa muda mrefu alikuwa akitamani kuona ndani ya mdomo ule kuna nini. Akaruka juu ya ubao. Kamanda akatikisa kichwa, mm-mm, mm-mm, akaviringa macho, lakini kwa mkono gani angemzuia? Kanga akadonoa fundo: to, to. Kitambaa kikaanguka. Akalivuta shavu, akaingiza kichwa, kisha shingo, wakabaki wanaona madoa tu.

Safu nzima ikanyoosha shingo.

Sauti ya Kanga ikatoka kule ndani: "Hili jino lina embe."

Akachomoa kichwa, na asingewahi angechukuliwa nacho, maana Nyani alipasuka: pwaaa! Wali, mwani, mbegu za pilipili, embe bichi, vyote vikatapakaa ubao mzima na juu ya gamba la Mzee Kobe.

Mzee Kobe, pole pole kama kawaida yake, akatoa shingo. Akaokota kipande kimoja cha embe ubaoni, kwa kuwa kimegusa ubao na ni haki yake. Akakigeuza. Akakitazama. Akakilamba.

"Hii yangu," akasema. "Kumbe sikula."

Wote wakamgeukia Kamanda: gau. Alikuwa palepale juu ya gogo, mdomo wazi, ulimi nje, machozi yanachuruzika, mikono yote miwili imejaa, miguu yote miwili imejaa, na mkia umejaa, na hakuna hata kachu moja aliyoiweka chini. Alijaribu kueleza kwamba alikuwa akimtunzia Mzee, kwa kuwa Mzee ni msahaulifu, lakini kwa ulimi ule ilitoka hewa tu.

Jicho moja la Kaa likakitazama kile kipande kikubwa cha mwani mwisho wa ubao. Jicho jingine likampima Nyani, kutoka utosini mpaka ncha ya mkia, likarudi.

"Hakitatosha," akasema. "Itabidi niunganishe."

Ngano yangu imekunjwa, mwenye mkono apokee. Ikigusa ubao, ni ya wote.

Na funzo? Funzo lake ni kwamba wakubwa hawaibi, jamani, tusiwasingizie. Aliyekosa hapa ni mwani, ulipewa siri ya mtu mzima ukashindwa kuishika muda wa hotuba moja. Basi ninyi msiwe kama mwani. Mliapa, nami nimewaona mlioapa kwa sikio la kulia. Mkibanwa sana mseme nani kawaambia, semeni Kanga. Naye akiwaambia kwamba katika ile fujo hakugusa kachu ya mkiani, mkubalieni tu, ni rafiki yangu. Ila Mzee Kobe anasema alisikia nyuma yake: kachu!